Buti ndefu za kupandia farasi zinanikata nyuma ya goti, na jioni zipu haifungi kabisa. Nifanyeje?

BintiMalindi

Assalam aleykum na habari zenu wote. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya farasi au hata mafundi viatu mlioko humu. Mimi nko Malindi, nafanya kazi kwa watu wenye farasi wa kutembeza wageni ufukweni, kazi yangu ni kupanda farasi wa mbele na wageni wananifuata, asubuhi mapema na jioni maji yakishakupwa. Sasa kuna mama mmoja wa Kitaliano alikuwa na farasi wake hapa, karudi kwao na kaniachia buti zake za ngozi, zile ndefu za kufika gotini, nyeusi, zipu iko nyuma, ngozi wallahi nzuri na ni kama hazikuvaliwa. Namba 39 na mimi navaa 39, vidole viko huru, kisigino hakichezi. Shida yote iko huku juu.

Asubuhi zipu inapanda mpaka mwisho kwa kuvutana nayo, lakini nikizivaa saa kumi jioni inakwama vidole vinne chini ya ukingo na hapo haisogei tena. Na hata ikifunga, ule ukingo wa nyuma unanikata kwenye mkunjo wa goti, nikikaa kwenye tandiko na kukunja mguu unaingia nyamani, kushoto nna mstari mwekundu na kulia pameshachubuka. Kifundoni nako ngozi ni ngumu haikunjiki, nikishuka natembea mguu umenyooka. Chini huwa navaa suruali pana ya kitambaa na juu kanzu fupi.

Mwenzangu mmoja kasema niziloweke kwa maji ya moto nizivae mpaka zinikaukie mguuni, mwengine kasema nipake mafuta ya nazi, mwengine ananiambia niuze ninunue gambuti nipumzike. Sitaki kuziharibu manake kwa mshahara wangu buti kama hizi sinunui. Je ni mguu wangu mnene ama ndivyo buti hizi zilivyo zikiwa mpya? Na fundi wa kawaida wa hapa anaweza kuzipanua?

Mzee_Saisi

Waaleykum salaam mwanangu. Mimi nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka mingi huko Nairobi, mabanda ya Karen na pale uwanja wa mbio wa Ngong, sasa nko kwetu Gede nimetulia. Buti za aina hiyo nimezivua kwenye miguu ya watu, nimezipiga kiwi, nimezipeleka kwa fundi, kwa hivyo nisikilize.

Hilo la mguu mnene liondoe kichwani. Namba 39 ni habari ya unyayo tu. Buti ndefu inataka vipimo vitatu, unyayo, unene wa kigimbi pale palipojaa zaidi, na urefu kutoka sakafuni mpaka mkunjo wa goti. Watu wawili wanaweza kuvaa namba moja na vigimbi vikapishana hata sentimita nne au tano, na ndio maana viwanda vinavyoshona buti hizi vinatoa namba moja ya mguu kwa upana na urefu tofauti tofauti. Huyo mama aliinunua kwa kigimbi chake na goti lake, wewe umerithi unyayo peke yake.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Kaa kwenye kiti goti likunjike sawasawa, unyayo bapa chini, umevaa zile nguo na soksi utakazopandia, umpate mtu akupimie maana ukiinama mwenyewe kipimo kinaharibika. Apime kigimbi palipojaa, halafu apime kuanzia sakafuni kupanda kwa nyuma mpaka kwenye mkunjo. Pima miguu yote miwili ufuate ule mkubwa, karibu kila mtu ana mguu mmoja uliozidi mwenzake kidogo. Na pima jioni baada ya kazi, sio asubuhi. Joto letu la pwani na kusimama kutwa maji ya mwili yanateremka miguuni, mguu unavimba, kwa hivyo buti inayokutosha saa kumi na mbili asubuhi bila nafasi yoyote saa kumi jioni lazima ikubane. Hilo ndilo linalokupata na zipu yako.

Sasa ule ukingo. Hapo usiogope haraka. Buti ndefu mpya lazima iwe juu kuliko unavyotaka, manake ikishaanza kuvaliwa ngozi ya kifundoni inafanya mikunjo na buti nzima inashuka, sentimita mbili, tatu, nyengine hata tano. Buti inayokukaa vizuri kabisa siku ya kwanza, baada ya miezi kadhaa itakuwa imeshuka ikawa fupi, na hapo haipendezi wala haikukingi. Kwa hivyo kukukata mwanzoni ni kawaida, muhimu ni kujua imezidi kwa kiasi gani. Ikiwa imezidi sentimita tatu, vumilia na uisaidie. Ikiwa imezidi saba hiyo ni ya mtu mrefu kuliko wewe na haitashuka kiasi hicho.

Kuisaidia ni hivi. Ndani ya buti chini ya kisigino weka kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, au raba ngumu, kimo cha sentimita moja hivi, kitakunyanyua mguu na mkunjo wa goti utapanda kidogo, ukingo usikukate sana. Buti ikishashuka unakitoa. Pale palipochubuka funga bandeji ya kunata kabla hujavaa, usingoje pafanye kidonda. Na usizipandie bado. Vaa nyumbani nusu saa, tembea, panda ngazi shuka, chuchumaa, kaa kwenye kiti ukunje kifundo mbele na nyuma, vua. Kesho tena. Kupanda farasi na buti ambayo kifundo chake hakijalainika unashindwa kuteremsha kisigino, na ukishindwa kuteremsha kisigino mguu unaponyoka mbele kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, hiyo sio habari ya kuumia ngozi tena, hiyo ni habari ya kuanguka.

Ukisikia vidole vinafanya ganzi vua hapo hapo, usijikaze.

FundiNgozi_Mld

Dadangu, hapo kwa mzee nimekaa nikasoma mara mbili, yuko sawa. Mimi ni fundi viatu hapa Malindi na nitakwambia upande wa ngozi.

Maji ya moto USITHUBUTU. Hiyo kitu ilikuwa inafanywa zamani na wanajeshi kwa buti zilizoshonwa soli kwa uzi mtupu, na hata hizo ziliharibika. Buti za siku hizi nyingi ndani kuna gundi na kuna kadibodi ngumu kwenye kisigino, ukiloweka kwa maji moto gundi inaachia, ile kadibodi inavimba na ikikauka inajikunja vibaya, na ngozi yenyewe ikikauka ghafla inasinyaa, badala ya kupanuka inazidi kubana. Nimeletewa viatu vya hivyo ni kazi ya huruma, unamwangalia mtu humwambii kitu.

Mafuta ya nazi pia hapana, najua kila nyumba yapo na ndio watu wanakimbilia. Yanaingia ndani ya ngozi yanailegeza kupita kiasi, na buti ndefu inasimama kwa ugumu wake, ukiilegeza shingo yote, yaani ile sehemu inayofunika kigimbi, inaporomoka kifundoni. Halafu yanakaa yanachacha, yanavuta vumbi na ukungu. Tumia mafuta ya ngozi yenyewe, yale ya kopo yenye nta ya nyuki, au ya matandiko hapo hapo kazini kwako lazima yako. Kidogo tu kwa kitambaa, uweke zaidi pale kifundoni panapokunja, nje na ndani kama ndani ni ngozi. Sehemu nyengine futa juu juu. Na ule upande wa ndani wa mguu, nje ya buti, panapogusana na tandiko usipake mafuta mengi utateleza.

Kupanua inawezekana. Kigimbi cha buti ya ngozi halisi tunakipanua kwa kalibu ya mbao ya vipande viwili yenye skrubu katikati, unalowesha ngozi kwa dawa yake, unakaza kidogo kidogo, unaacha mpaka kesho, unakaza tena. Unapata sentimita moja bila wasiwasi, mbili kama ngozi ni laini. Zaidi ya hapo nakataa maana mshono utapasuka au zipu itakaa upinde. Ikiwa unahitaji zaidi tunafungua pembeni mwa zipu tunaingiza lastiki pana nyeusi kutoka juu mpaka katikati ya kigimbi, inapendeza na inapumua pamoja na mguu asubuhi na jioni. Kwa hali yako ya kuvimba jioni mimi ningependelea lastiki kuliko kupanua sana.

Unyayo nao usiguswe. Kama vidole vingebana ningekwambia uza leo, manake kigimbi tunakirekebisha lakini urefu wa unyayo hakuna fundi wa kuuongeza, akikwambia anaweza muogope.

Na hiyo zipu, acha kuivuta ikiwa inabeba mzigo. Shika ukingo wa buti pande zote mbili kwa mkono mmoja uzikutanishe kwanza, ndio mkono wa pili upandishe. Zipu inatakiwa ifunge tu, kuvuta sio kazi yake. Ikipasuka meno kubadilisha zipu ndefu hivyo ni gharama, na hapa Malindi zipu nzito za urefu huo hazipatikani kila siku mpaka tuagize Mombasa.

Kijana_wa_Watamu

mimi naona mnamchosha dada wa watu, si anunue tu gambuti za Bata ziko kila mji, bei poa, maji ya bahari hayazidhuru, anaosha anaanika kwisha

Mzee_Saisi

Kijana wangu, gambuti ni nzuri shambani na bandani kuosha farasi, huko hata mimi nazivaa. Kwenye kikuku ni hatari, na hili naomba mtu yeyote anayefanya kazi na wageni alishike. Soli yake ni pana na ina meno makubwa, ikiingia kwenye kikuku inang'ang'ania. Mtu akianguka na mguu wake haujatoka kwenye kikuku, farasi akishtuka anakimbia na kumburura. Buti ya kupandia ina soli nyembamba karibu laini na kisigino kifupi cha sentimita mbili hadi tatu, ile soli inauacha mguu utoke na kile kisigino kinauzuia usipenye ukapita upande wa pili. Ndio kazi yake, sio urembo.

Na BintiMalindi, ukishavaa hizo buti kwenye kikuku angalia nafasi, upana wa chuma uzidi soli kwa sentimita mbili na nusu hivi, yaani kidole gumba kiingie pembeni. Kikuku kilichobana ni kibaya, kilichozidi sana nacho kibaya.

Bi_Amu

Salaam kwenu. Mimi ni wa Amu na huku kwetu punda wanapandwa na ndara au miguu mitupu, hata yale mashindano ya punda wakati wa tamasha vijana wanakaa mgongoni bila tandiko wala vikuku, kwa hivyo haja ya buti hakuna. Farasi wa tandiko ni mambo mengine, ule mkanda wa ngozi unaoning'iniza kikuku unasugua muundi na kigimbi muda wote, nilipanda farasi kwa dada yangu Kilifi na suruali ya kawaida nikarudi nimechubuka huku ndani pote, ndio nikajua kwa nini wanataka buti ndefu.

Nataka kusema habari ya suruali maana hapo wanaume wamepita haraka. Dada, hiyo suruali pana ndio nusu ya shida yako. Kitambaa kikiingia ndani ya buti kinajikunja, mikunjo inakaa pale pale kwenye mkunjo wa goti na kwenye kifundo, na kila mkunjo ni unene umeongeza na ni kitu cha kukusugua. Vaa taiti nzito isiyo na mshono mkubwa upande wa ndani wa mguu, iwe ndefu ya kufika kifundoni, juu yake kanzu yako ya kufika magotini iliyopasuliwa pande mbili ili ikae vizuri kwenye tandiko. Heshima yako iko pale pale na mguu umepungua unene. Soksi ziwe nyembamba, ndefu, zipite juu ya ukingo wa buti kabisa, zile za nailoni zinateleza na buti inaingia kirahisi. Soksi fupi ya pamba nene itakusanyikia chini ya kisigino ikutoe malengelenge.

Na bahari. Chumvi ni adui wa ngozi. Maji ya bahari yakirukia buti yakikauka yanaacha mstari mweupe na ngozi pale inakakamaa halafu inapasuka. Usingoje kesho, ukishuka tu futa kwa kitambaa chenye maji baridi ya kawaida, ule mstari mweupe ukibaki changanya siki kidogo na maji ufute, kisha ianike kivulini penye upepo. Sio juani, sio karibu na jiko. Ndani weka magazeti yaliyokunjwa yanyonye jasho na yaisimamishe ile shingo isilale. Kipindi cha kusi na mvua za masika huku kila cha ngozi kinaota ukungu, mikoba, mikanda, mpaka mushafu wenye jalada la ngozi nimeuona, kwa hivyo usizifungie buti kwenye mfuko wa plastiki wala chini ya kitanda, zitundike mahali hewa inapita uzitoe uziangalie kila baada ya siku chache. Ukiona ukungu futa nje ya nyumba kwa siki na maji, kausha, ndio upake mafuta. Ukipaka mafuta juu ya ukungu umeulisha.

BintiMalindi

Jamani asanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimefanya kama mzee alivyosema, mdogo wangu kanipima jana jioni baada ya kazi. Kigimbi na suruali yangu pana ni 40, na taiti ni 38 na nusu, mguu wa kulia ndio mkubwa. Asubuhi leo na taiti nimepata 37 na nusu. Buti kwa ndani imepimwa ni 37 na nusu. Urefu, mimi sakafuni mpaka kwenye mkunjo ni 42 na buti kwa nyuma ni 45, upande wa nje imepanda zaidi kama 48 lakini huko hakuniumizi.

Nimeweka kipande cha raba kisiginoni na kwa kweli ukingo haujaingia nyamani tena, ila kisigino sasa kimelegea kidogo nikitembea. Je hiyo ni sawa? Na mzee, hizo buti za kuvuta zisizo na zipu kuna faida gani, mwajiri wangu anasema ndizo za maana.

Mzee_Saisi

Sentimita tatu. Hiyo buti ni yako mwanangu, itashuka ikae pale inapotakiwa. Huo upande wa nje kupanda zaidi ni mkato wake makusudi, unafunika pembeni ya goti na mguu unaonekana mrefu ukiwa juu ya farasi, nyuma ndiko kunakohesabiwa.

Kisigino kulegea kidogo kwa sababu ya raba ni sawa kwa muda huu wa kulainisha, mradi usipandie hivyo. Ikikusumbua chonga raba iwe nyembamba ukingoni, upande wa mbele, iteremke taratibu.

Za kuvuta zisizo na zipu zinashika mguu vizuri na hazina cha kuharibika, lakini ili ziingie lazima uwe na ndoano mbili za kuvutia, na kuvua unahitaji kibao cha kukanyagia kisigino au mtu akuvute. Jioni mguu ukivimba kuzivua ni taabu, kwa joto la Malindi mimi siwezi kumshauri mtu wa kazi ya kila siku. Zipu kwa kazi yako ni bora. Kuna na zile zenye kamba kwenye mgongo wa mguu, hizo zinafunguka pale mbele na kumpa nafasi mtu mwenye mgongo wa mguu ulioinuka, kifundo chake kinakunjika upesi. Zako hazina kamba ndio maana kifundo ni kigumu, vumilia hapo kuliko kwengine kote.

Saisi_Kilifi

mimi nasema tofauti kidogo na wazee wangu mnisamehe. Kwa mtu anayepanda kutwa kwenye mchanga na maji, buti fupi za kifundoni na chapsi za ngozi za kufunga kutoka kifundoni mpaka chini ya goti ni raha zaidi. Ukimaliza unafungua chapsi unatembea na kiatu chako, mguu unapumua, kigimbi kikivimba unalegeza, na kitu kikiharibika unabadilisha kimoja. Hizo ndefu dada aziweke za siku ya wageni wakubwa au akienda mashindano. Za kazi ya kila siku ni chapsi. Pia zinakuwa nafuu na mafundi wa ngozi wa Kariakor Nairobi ukiwapa kipimo wanakushonea.

Bi_Amu

Hilo la Saisi_Kilifi nalipenda kwa kipindi hiki buti zikiwa bado zinalainika, asikae anaumia kazini wakati anazizoesha nyumbani. Ila mtu kaachiwa buti nzuri hivyo, azitumie. Ngozi inayokaa kabatini pwani ndiyo inayooza kwanza.

FundiNgozi_Mld

Nimeona vipimo. Mguu 38 na nusu jioni, buti 37 na nusu, inapungua sentimita moja na inatakiwa ibakie nafasi ya kidole kimoja juu. Hapo lastiki sio lazima. Nitaipanua sentimita moja na nusu pale palipojaa, ngozi yenyewe itaongeza kidogo ukiivaa. Lastiki tuiache mpaka kaskazi, joto likizidi na mguu ukikataa ndio tufungue.

Ukija njoo baada ya alasiri mguu ukiwa katika hali yake ya jioni, na uvae ile taiti na zile soksi, usiniletee buti peke yake na namba kwenye karatasi. Zipu usugue na mswaki wa zamani utoe mchanga wote kabla hujaleta, halafu pitisha mshumaa mkavu juu ya meno kutoka chini mpaka juu. Hiyo ya mshumaa fanya kila wiki maadamu unafanya kazi ufukweni.

BintiMalindi

Inshallah nakuja Jumatano baada ya alasiri kaka. Na zile za kukanyagia kuvulia nitazipata wapi ama fundi seremala anaweza kunichongea?

Mzee_Saisi

Seremala yeyote. Kibao cha urefu wa mkono, mwisho mmoja akate herufi V ya upana wa kisigino chako, chini yake karibu na hiyo V apigilie kipande kinyanyue. Ndani ya V abandike raba au ngozi ili usikwaruze buti. Ukitaka kuvua fungua zipu yote mpaka chini kwanza, usivue zipu ikiwa nusu.